Maswali na majibu: pwani inayoanzia Ondiri

Barua nyingi za mwezi huu zinaigusa KMFRI, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya. Ni shirika la serikali lililoundwa 1979, miaka miwili baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza kuvunjika pamoja na taasisi zake za uvuvi. Makao makuu yako Mkomani, Mombasa, na vituo vingine viko hata bara, Kisumu, Naivasha na Sagana. Kazi yake ni kupima, kuchunguza na kuishauri serikali. Vibali vya mazingira hutolewa na NEMA (Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira), misitu ya mikoko husimamiwa na KFS (Huduma ya Misitu ya Kenya), na hifadhi za baharini na KWS (Huduma ya Wanyamapori ya Kenya). Wengi huzichanganya, kisha wakazunguka ofisi bila kupata jibu.

Naishi Dandora. Bahari iko karibu kilomita 500 kutoka hapa. Utafiti wa pwani unanihusu nini?

Unakuhusu kupitia mto unaopita hapo mtaani kwenu. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, hukatiza jiji, huingia Athi, na Athi ukishapita Tsavo huitwa Galana, kisha Sabaki, mpaka unapomwaga maji baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Chupa iliyotupwa kwenye mtaro wa Dandora ina njia ya maji mpaka Bahari Hindi.

Lakini mzigo mkubwa zaidi ni udongo. Mvua inaponyesha juu ya mashamba ya miteremko yasiyo na matuta, na juu ya kingo zilizochimbwa mchanga, Sabaki hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Kaskazi ikivuma, mkondo huusukuma udongo huo kusini, kuelekea matumbawe, viumbe hai wanaojenga miamba ya baharini, ya Malindi na Watamu. Kusi, upepo wa kusini, ikiingia, huelekea kaskazini, upande wa Ghuba ya Ungwana. Tumbawe hulishwa na mwani mdogo mno unaoishi ndani yake, na mwani huo hauwezi kutengeneza chakula bila jua. Maji yakichafuka, tumbawe hupungukiwa chakula, na papo hapo hutumia nguvu nyingi kutoa ute wa kuondoa matope mwilini. Watoto wake nao hawashiki penye tope, wanahitaji mwamba safi. Ndiyo maana tunasema bila kusita kwamba matuta ya mashamba ya Machakos, kando ya Athi, ni kazi ya kuhifadhi bahari sawa na doria ya boti.

Kampuni yetu ya Westlands inataka kupanda mikoko 5,000 Kwale kwa siku moja. Tujiandae vipi?

Anzeni kwa kuuliza kama mahali penyewe panahitaji kupandwa. Kama miche ya asili tayari imeota, au kama miti ilikufa kwa sababu barabara au tuta limeziba maji, kupanda ni kupoteza fedha. Fungueni njia ya maji kwanza, maana mara nyingi bahari yenyewe huleta mbegu. Ongeeni na KFS na chama cha jamii cha misitu cha eneo hilo. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, haipandwi wala kukatwa kwa hiari ya mtu.

Pili, chagueni aina kulingana na maji. Kenya ina aina 9. Mlilana husimama mbele kabisa, upande wa bahari. Nyuma yake huja mkoko wenyewe wenye mizizi ya kama miguu ya buibui, kisha muia na mkandaa, na mchu huonekana sana upande wa nchi kavu, ingawa hata mbele huota. Kosa tunalolisikia kila mwaka ni kupanda mkoko kwenye tope tupu mbele ya mlilana kwa kuwa pana nafasi na picha hutoka vizuri. Mawimbi huing'oa, na viumbe wa magamba magumu hugandia shina mpaka mche unalala. Msipande juu ya majani ya bahari pia, hayo ni malisho ya samaki na kasa.

Mbegu ya mkoko huchipua ikiwa bado mtini na kuning'inia kama fimbo ya kijani. Iliyokomaa huonyesha pete ya manjano pale inapoungana na tunda. Kateni zilizonyooka, tupeni zenye matundu ya wadudu, na msing'oe kofia ya tunda kwa nguvu, chipukizi iko ndani yake. Ziwekeni kivulini kwenye gunia bichi. Wengine huzikalisha hapo siku chache ili kaa wasizitamani sana.

Kupanda kwenyewe ni rahisi: ncha kali chini, theluthi moja ndani ya tope, mita 1 kati ya mche na mche. Kwa nafasi hiyo 5,000 ni nusu hekta tu. Someni jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari kabla ya kukata tiketi za treni, kwa sababu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku na hucheleweshwa takriban dakika 50 kila siku. Tarehe ikipangwa na mkurugenzi bila kuangalia jedwali, mtafika wakati tope limefunikwa.

Bajeti ya siku ya kupanda ni ndogo kuliko inayohitajika baadaye. Tengeni fedha za kumlipa mtu wa kijiji kuhesabu miche iliyo hai baada ya miezi 3, 6 na 12, na kujaza mapengo. Kama fedha hazitoshi, punguzeni miche, msipunguze ufuatiliaji.

Ni kweli kijiji kinaweza kuuza kaboni ya mikoko?

Ni kweli. Mikoko Pamoja, mradi wa Gazi na Makongeni, Kwale, ulianza 2013 ukiwa na hekta 117 na watafiti wa KMFRI nyuma yake, kufuatia kazi ya upandaji aliyoianza Dkt. James Kairo miaka ya 1990. Huuza takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, yaani hulipwa kwa hewa ambayo miti imeifyonza na kuihifadhi, na mapato yamelipia maji na mahitaji ya shule. Kaboni hiyo hukadiriwa kwa kupima miti: kipenyo cha mti wa mkoko hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, si kwenye usawa wa kifua kama mti wa bara, la sivyo hesabu huharibika. Wanapanda pia mvinje kwa ajili ya nguzo na kuni. Bila hiyo, ulinzi wa Gazi ungewahamishia wakataji msitu wa jirani, na kaboni iliyouzwa isingekuwa imeokolewa.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, Nairobi. Nipate vipi ruhusa ya kukusanya sampuli baharini?

Leseni ya utafiti ni ya NACOSTI, Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na huombwa mtandaoni. Ndani ya hifadhi ya bahari ongeza kibali cha KWS. Kabla ya kutumia hata shilingi moja kwa boti, omba data zilizopo KMFRI, kwani ndiyo inayohifadhi data za bahari za taifa.

Nimeonyeshwa ploti Kilifi, "inagusa maji". Ninunue?

Usilipe bado. Katiba, kifungu cha 62, inaifanya ardhi yote kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa kuwa ya umma. Kanuni za upimaji nazo zinataka, kwa kawaida, ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa uachwe pale ardhi ya serikali ya ufukweni inapopimwa ili kugawiwa. Mlipe mpimaji mwenye leseni akuonyeshe vigingi, na uende mwenyewe siku ya bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, uone maji yanafika wapi.

Muuzaji akikuambia utajenga ukuta, jua kwamba wimbi likigonga ukuta wima hurudi na nguvu yake na kukwangua mchanga wa mguuni. Ufuo hushuka, msingi hubaki wazi, na mwisho wa ukuta maji humlia jirani ufuo wake. Ukuta wowote wa namna hiyo unahitaji kwanza tathmini ya athari kwa mazingira na leseni ya NEMA. Ukiwa na nafasi, rudisha nyumba nyuma na uache mimea ya ufukweni ishike mchanga.