Binti ana waya za meno, na Krismasi tunapanda Marangu

SWALI

Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka 13 na amefungwa waya za meno Novemba hii hapa Dar es Salaam. Krismasi tunakwenda kwa bibi yake Marangu, tutakaa wiki tatu. Kule ndafu haikosi, nyama choma, mahindi, miwa, na wajomba wanaomjaza mtoto pipi na soda. Kliniki walinipa karatasi ya vyakula vilivyokatazwa, ndefu mpaka naona asherehekee na uji. Je, nyama ale au asile? Kitu kikibanduka tukiwa mlimani na daktari wake yuko likizo hadi Januari, nifanye nini? Halafu amezaliwa na kukulia Arusha, meno yake yana ule ukahawia wa maji ya kule. Hilo lina shida? — Mama wa Kimara

JIBU

Marahaba, dada yangu. Nyama ale, tena ale ndafu na wenzake. Mtoto anayewekwa pembeni na bakuli la uji siku ya sikukuu huzichukia zile waya, na mtoto aliyezichukia hazipigi mswaki vizuri. Cha kuangalia zaidi ni namna chakula kinavyoingia mdomoni.

Kila jino limegandishwa kipande kidogo cha chuma, sisi tunakiita braketi, na waya unapita juu yake. Gundi inayoshika braketi haikutengenezwa ishike milele. Imepimwa iwe na nguvu ya kuhimili msukumo wa waya, lakini isiwe kali kiasi kwamba siku ya kufungua itang'oa na gamba la jino. Kwa hiyo nguvu kubwa ya ghafla huishinda: mfupa, punje kavu ya hindi, barafu. Zinazoumia kirahisi ni braketi za meno ya chini ya mbele, kwa sababu mtu anapong'ata kitu kinene, meno ya juu hushuka na kuzigonga, na kile kitu nacho huzivuta.

Sheria ya kwanza basi ni kisu. Mnofu wa mbuzi ukatwe utolewe kwenye mfupa, ukatwe tena vipande vya ukubwa wa kidole gumba, kisha atafune kwa magego. Mbavu na mapaja ya kuku asiyagugune. Hindi la kuchoma asiling'ate likiwa kwenye gunzi. Na hata ukilipukuchua, punje za lile lililokauka ni ngumu kupita kiasi, mwachie hindi bichi la kuchemsha. Embe, na Desemba ndiyo msimu wake, likatwe vipande na kokwa apewe mdogo wake, maana zile nyuzi zikijisokota kwenye waya ni kazi ya jioni nzima. Chapati na mkate amege kwa mkono. Pilau, wali, mandazi laini, parachichi, mayai, samaki asiye na miiba, hivyo havina neno. Na mna bahati ya kwenda Uchagani: mtori, machalari na kiburu, vyakula laini vya ndizi, ndivyo ningemwandikia mimi mwenyewe, hasa akianza kuumwa.

Vichache navikataza bila kujadili. Muwa, kwa sababu hauliwi ila kwa kuuchana na meno. Kashata za karanga na karanga kavu zenyewe. Bisi, ambazo ganda lake jembamba huingia chini ya ufizi na kuuvimbisha. Barafu. Pipi za kunata na tofi, pamoja na jojo. Na ubuyu wa Zanzibar, ambao watoto wa siku hizi wanaubeba mifukoni: ndani kuna mbegu ngumu, nje kuna sukari na ukali wake, na huliwa kwa kumung'unywa saa nzima.

Hapo kwenye kumung'unya ndipo penye hofu yangu ya kweli. Wazazi wengi wanaogopa mfupa, mimi naogopa soda. Braketi ikibanduka tunaigandisha upya kwa dakika chache. Lakini ukoga ukikaa kuzunguka braketi na kulishwa sukari kutwa, bakteria wake hutoa asidi inayoyeyusha madini ya gamba la jino, na kinachobaki ni madoa meupe ya chaki yenye umbo la ile braketi. Yanaweza kuanza kuonekana ndani ya wiki nne tu, na ninyi mnakaa wiki tatu. Mengine hufifia, mengine hubaki maisha yote. Nimewafungua waya vijana waliovumilia miaka miwili, meno yamenyooka kabisa, na kitu cha kwanza wanachokiona kwenye kioo ni yale madoa. Inauma kuliko braketi kumi zilizobanduka.

Asidi hupimwa kwa pH, na namba ikiwa ndogo ndivyo asidi inavyokuwa kali: gamba la jino huanza kuyeyuka pH ya mdomoni ikishuka chini ya 5.5 hivi, na soda za kola ziko karibu na 2.5. Baada ya kila funda lenye sukari, mate huhitaji nusu saa au zaidi kurudisha hali. Ndiyo maana chupa moja inayonywewa polepole tangu asubuhi hadi jioni ina madhara makubwa kuliko chupa hiyohiyo ikinywewa mara moja pamoja na chakula cha mchana. Sizuii soda ya Krismasi, wala keki. Naomba viliwe pamoja na mlo, halafu asukutue kwa maji ya kawaida, na kati ya mlo na mlo anywe maji. Zungumza na wajomba mapema, kabla mifuko ya pipi haijafika. Wakitaka kumpa zawadi, wampe hela. Na ndani ya basi, kuanzia Chalinze hadi Same, kila mnaposimama kuna mikono dirishani yenye biskuti, korosho na juisi. Hiyo safari ni saa nyingi za kula kidogo kidogo bila mswaki. Mfungie chakula kimoja cha maana na chupa ya maji.

Mswaki upigwe asubuhi na usiku bila kukosa, na mchana akiweza, kwa dawa yenye floraidi. Brashi ipite juu ya waya, chini ya waya, na kwenye mstari wa ufizi. Akitoka kunywa kitu chenye asidi, kama soda, asubiri kama nusu saa kwanza, maana gamba lililolegezwa na asidi husuguliwa kirahisi. Baada ya nyama choma mtu atamkaribisha njiti. Asiitumie, njiti hupinda waya, au huvunjika na kubaki ndani. Mnunulie viburashi vidogo vya kupitisha katikati ya meno, vinauzwa kwenye maduka mengi makubwa ya dawa. Kitu kingine kidogo: biriani na mchuzi wenye manjano huvipaka rangi vile vimpira vidogo vinavyoshikilia waya kwenye braketi. Haina madhara, vimpira hubadilishwa akirudi kliniki. Mwambie mapema tu asije akalia mbele ya binamu zake.

Kuhusu Arusha umeuliza jambo la maana. Maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi kuliko inavyotakiwa, na mtoto aliyeyanywa wakati meno yake yanajengeka hutokewa na ule ukahawia. Kabla ya kugandisha braketi tunapaka asidi ili kulikwaruza gamba la jino gundi ipate pa kushika. Gamba lililoathirika sana na floraidi huikataa ile asidi, na gundi haishiki sawasawa. Kama ukahawia wake ni hafifu, usipoteze usingizi. Kama ni mzito au gamba lina vishimo, basi kwenye vitu vigumu umbane zaidi kuliko mtoto mwingine. Ukahawia huo pia haumkingi na sukari, kwa hiyo asije mtu akakwambia meno ya Arusha hayaozi.

Sasa kama kitu kikibanduka. Mara nyingi braketi hutoka kwenye jino lakini hubaki imening'inia kwenye waya. Iache hapohapo. Kama inamkera, kausha sehemu hiyo kwa kitambaa safi na uifunike kwa nta ya meno. Waombe kliniki wakupe nta kabla hamjasafiri. Ikitoka kabisa, itunze kwenye kikaratasi. Asiirudishe mtu yeyote kwa gundi ya dukani, hata kwa dakika tano. Gundi hizo zina sumu na zinaunguza ufizi. Waya ukichomoza nyuma ya gego na kuchoma shavu, usukume taratibu kwa ncha ya kijiti cha pamba ulale kwenye jino, kisha nta juu yake. Ukikataa kabisa na shavu linatoka damu, fundi wa mwisho ni kikata kucha kilichochemshwa: weka kitambaa nyuma yake kidake kipande, kata ile ncha tu. Vidonda asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi. Akimeza kipande, kwa kawaida hutoka chenyewe kwa njia ya choo; akianza kukohoa mfululizo, kupumua kwa shida au kushindwa kumeza, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Vivyo hivyo akivimba uso au akipata homa pamoja na maumivu ya jino. Hayo hayasubiri Januari, na mkiwa Marangu hamko mbali na KCMC, hospitali kubwa ya rufaa iliyoko Moshi.

Maumivu ya kawaida ni mengine. Waya ukikazwa, meno huuma zaidi siku ya kwanza na ya pili, kisha hupoa ndani ya wiki. Kama ana miadi kabla ya safari, omba iwe angalau siku tano kabla ya Krismasi ili siku ya ndafu awe ameshazoea. Parasetamo kwa kipimo cha uzito wake inatosha.

Leo hii, kabla kliniki haijafunga, piga simu uombe mambo matatu: miadi ya wiki ya kwanza kliniki ikifunguliwa baada ya likizo, nani anapokea dharura daktari akiwa likizo, na kama amepewa raba za kuvuta taya, pakiti za kutosha wiki zote tatu. Raba hizo hutolewa wakati wa kula na kurudishwa mara baada ya mswaki, na watoto wengi wakiwa likizo huzisahau mezani.