Kabla ya kunukuu takwimu za uhalifu, soma tanbihi

Nilipoanza utafiti wa haki jinai, vitabu vya rejea niliviona vya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nikakimbilia makala za majarida na majedwali ya takwimu. Nilikuwa nafuatilia matukio ya ubakaji yaliyoripotiwa polisi nchini Marekani, nikachora grafu, na mstari ukapanda ghafla mwaka 2013. Nikaandika kurasa nne nzima kueleza sababu.

Mkutubi wa dawati la rejea aliitazama ile grafu, akafungua jedwali nililolitumia, akaweka kidole chini kabisa penye herufi ndogo. Mwaka huo FBI, shirika la upelelezi la Marekani linalokusanya takwimu hizo, ilianza kutumia tafsiri mpya ya kosa hilo. Ile ya zamani, iliyodumu tangu miaka ya 1920, iliwahesabu wanawake peke yao, tena pale tu nguvu ilipotumika. Mpya inawahesabu na wanaume, na haishurutishi nguvu. Nilikuwa nimelinganisha vitu viwili tofauti. Kurasa zote nne nikazifuta.

Tangu siku hiyo naanza na kamusi ya sheria. Wizi, unyang'anyi na uvunjaji wa nyumba ni makosa matatu, na mipaka yake hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Kisha naingia kwenye ensaiklopidia ya kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, hasa ile orodha ya maandiko mwishoni mwa kila ingizo. Imeniokolea siku nyingi za kupapasa. Kwenye maktaba zinazofuata mpangilio wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, uhalifu uko 364, magereza 365, lakini sheria ya jinai iko 345, rafu nyingine kabisa. Pitia zote.

Takwimu ndizo zinazotaka subira. Za polisi zinaonyesha kilichofika polisi tu. Ndiyo maana kuna tafiti zinazowauliza wananchi wenyewe yaliyowapata: Marekani tangu 1973, Uingereza na Wales tangu 1982. Humo utakuta mengi ambayo hayakuripotiwa, ila mauaji hutayakuta, kwa kuwa aliyeuawa hahojiwi. Kwa mauaji, rudi kwenye rekodi za polisi na za vyeti vya vifo.

Ukienda kwa mkutubi, mpelekee swali lililoandikwa, usimwambie "natafuta kuhusu uhalifu". Mimi huenda na daftari lenye safu nne: idadi, mwaka, aliyehesabu, na tafsiri aliyoitumia. Safu ya nne ikiwa tupu, idadi hiyo siiandiki.