Mwanangu, tusichanganye wizi na maksi

Mwanangu,

Ile voisi yako nimeisikia. Wauliza kama nilikudanganya nilipokwambia soma, manake umeenda intavyu ya ofisi ya umma na vyeti vyako safi alafu wakamchukua mwenye maksi za chini yako, mjombake yuko ndani. Ukaongeza ati hii ya kugawa nafasi kwa makabila ndo inaua kabisa, ingekuwa maksi tupu nchi ingenyooka.

Mjomba kumuingiza mpwawe ni wizi, na dawa yake yajulikana toka zamani. Wachina waliajiri maafisa wa serikali kwa mitihani zaidi ya miaka elfu, mpaka ikafutwa 1905, na enzi za ukoo wa kifalme wa Song jina la mtahiniwa lilifunikwa, makarani wakainakili karatasi nzima upya ili msahihishaji asitambue hata mwandiko. Mwandiko, mwanangu! Kwa hivyo mtu asinambie mitihani haina maana, sisi tusio na mjomba ndo twaihitaji zaidi.

Lakini hata na usafi wote huo, wengi waliofaulu walitoka nyumba zenye uwezo, manake nani mwengine angelisha kijana asome miaka na miaka bila kufanya kazi? Na wanawake hawakuruhusiwa kabisa.

Sasa chukua kemia ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, ile karatasi ya praktiko. Kuna mtoto huku Likoni siku ya mtihani ndo anashika bureti, ule mrija wa kioo wa kutonesha dawa, mara ya kwanza, mkono watetemeka, tone moja likizidi rangi yote imegeuka na hajui kama amefika au ameharibu. Mwenziwe kwa skuli yenye maabara kamili ameifanya mpaka ameichoka. Msahihishaji hajamuonea mtu, na bado zile maksi zimepima skuli kabla ya kupima mtoto. Mwenye A atapata kazi, watoto wake atawapeleka skuli ileile, mzunguko ni huohuo na hakuna aliyeiba.

Ndo maana katiba ya 2010, kifungu cha 232, yataka kazi za umma zitolewe kwa ushindani na sifa lakini pia jamii zote ziwakilishwe, na sheria ya utangamano ya 2008 yasema kabila moja lisizidi thuluthi ya wafanyikazi wa ofisi ya umma. Mie naona huko ni kumtafuta yule wa bureti. Shida, nafasi za jamii nazo mara nyingi huchukuliwa na watoto wa wakubwa wa jamii hiyo, na hilo laniuma sana.

Lililoniuma zaidi ni wewe kusema "labda mie sina akili". Aliyeshinda hujiona amestahili peke yake, na aliyekosa naye huamini hivohivo. Usiamini, intavyu ile haikupima akili zako hata kidogo.

Waandikie uombe sababu kwa maandishi, kifungu cha 47 cha katiba, kile cha haki ya kupewa sababu, kitaje kabisa. Nitumie barua kwanza niisome kabla hujaipeleka.

Mamako