Watu sita, SGR na siku ya kuogelea Kunduchi: tubebe chakula gani, tununue nini?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi Ipagala hapa Dodoma. Mkubwa ana miaka 12, anayemfuata 9, halafu 6, na kitinda mimba ana 3. Likizo hii tumewaahidi tutapanda treni ya SGR hadi Dar es Salaam, tukae siku tatu kwenye nyumba ya kupanga maeneo ya Tegeta yenye jiko la gesi na friji, na siku moja nzima tuwapeleke Kunduchi Wet 'n' Wild. Nauli na viingilio tumeshaviweka pembeni. Kinachoninyima usingizi ni chakula, maana safari iliyopita hela yote iliishia kwenye soda, chipsi na aiskrimu. Nimewaza kupika pilau ya kuku usiku wa kuamkia safari, nijaze hotipoti, tule njiani na ibaki ya kesho yake kule kwenye michezo. Mume wangu anasema tutaugua. Nani yuko sahihi? Na nifanyeje ili bajeti isivuje?

JIBU: Habari ni njema, dada yangu. Kwenye pilau, sikiliza mume wako. Kwenye wazo la kubeba chakula, wewe uko sahihi, ila ubadilishe unachobeba.

Nianze na pilau kwa sababu hapo ndipo penye hatari. Mchele mbichi mara nyingi huwa na bakteria waitwao Bacillus cereus, na bakteria hawa wana namna ya kujifungia ndani ya ganda gumu ambalo hata maji yanayochemka hayalivunji. Wali ukiiva wao bado wamo, wamelala. Ukipoa taratibu ndani ya chombo kilichofungwa wanaamka, wanazaliana, na baadhi yao hutoa sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha wali ukatoa moshi. Ndiyo maana mtu anakuambia "mbona niliupasha vizuri kabisa" na mtoto bado anatapika. Nyama ya kuku iliyochanganywa humo haisaidii kitu, inawaongezea bakteria chakula.

Kanuni tunayoitumia kazini ni hii: chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kikiwa na joto la kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Chini ya hapo ni friji, juu ya hapo ni chakula cha moto kweli, kinachotoa mvuke ukikifunua. Katikati ni eneo la bakteria kustarehe, na joto la kawaida la Dar liko hapo hapo mchana na usiku.

Sasa hesabu saa zako, na uzihesabu kuanzia jikoni, si kuanzia treni inapong'oa nanga. Tuseme pilau imeiva saa nne usiku. Alfajiri mnatoka Ipagala, mnafika stesheni mapema kwa ajili ya ukaguzi, kisha kuna saa za kwenye treni, kisha kutoka stesheni katikati ya jiji hadi Tegeta kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo. Mnapokaa kula mchana, hiyo pilau ina zaidi ya saa kumi na mbili. Kuibakiza ya kesho yake ndiyo usiwaze kabisa. Hotipoti nzuri inapunguza kasi ya kupoa tu, haizuii.

Mpango wako, nadhani, bado unafuata mazoea ya basi. Tulipokuwa tukisafiri kwa basi siku nzima ilikwenda barabarani, tukabeba chakula cha mchana na cha jioni, na tukanunua tena Gairo na Morogoro. Tangu SGR ianze kufika Dodoma tarehe 25 Julai 2024, safari imekuwa ya saa chache tu. Unahitaji mlo mmoja mwepesi wa njiani, basi. Mlo wa pili upike Tegeta, jiko unalo.

Mlo huo mmoja ningeupanga hivi. Jioni ya kuamkia safari kaanga vipande vya kuku hadi vikauke vizuri, chemsha mayai na uyaache na maganda yake, vyote vipoe kidogo kisha viingie friji usiku kucha. Usiku huo huo gandisha chupa tatu au nne za maji. Alfajiri panga kuku na mayai kwenye deli dogo, zungushia chupa zilizoganda. Barafu ikiyeyuka ni maji ya kunywa, hujabeba mzigo wa bure. Pembeni weka chapati, viazi vitamu vya kuchemsha na ndizi mbivu. Andazi la kawaida lisilo na nazi linafaa pia. Vitumbua na chochote chenye tui la nazi viache, tui huchacha upesi mno.

Kuhusu chapati kuna jambo dogo ambalo hutushangaza sisi watu wa Dodoma. Hewa yetu ni kavu, chapati ikikaa wazi kosa lake ni kukakamaa. Dar hewa ina unyevunyevu, chapati ile ile inaota ukungu. Kwa hiyo ziache zipoe kabisa juu ya kitambaa safi kabla ya kuzifungia. Ukizifunika zikiwa na mvuke, matone yanabaki ndani na ukungu unapata nyumba. Tumia chombo chenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata isingekuwa hivyo, haifai kwa chapati ya moto.

Najua utataka kubeba karanga na zabibu. Ni vya kwetu, ni rahisi, vinashibisha au kuburudisha, na msimu wa zabibu ukiwa umewadia mtu wa Dodoma haendi kwa jamaa mikono mitupu. Beba, ila mtoto wa miaka 3 ananifanya nisisitize mambo mawili. Zabibu nzima ina ukubwa na utelezi wa kuziba koo lake sawasawa, kwa hiyo ikate kwa urefu, vipande viwili au vinne, na itoe mbegu. Karanga nzima asipewe kabisa. Hadi mtoto afike miaka 5 mpe siagi ya karanga iliyopakwa kwa wembamba kwenye chapati. Na yeyote anayekula awe amekaa. Mtoto anayekimbia ndani ya behewa na karanga mdomoni ni wa kumkalisha kwanza.

Karanga hizo zichambue mwenyewe kabla ya kukaanga. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua, na wengine walifariki, kutokana na sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na fangasi, iliyokuwa kwenye mahindi, na karanga hushambuliwa na fangasi hao hao. Toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu na zenye ladha chungu. Usitegemee moto wa kikaango, kwa sababu kukaanga hakumalizi sumukuvu.

Tuje kwenye hela. Safari iliyopita, ukiangalia vizuri, sidhani kama bajeti iliuawa na milo. Iliuawa na kiu na njaa ndogo za katikati. Fanya hesabu na uweke bei zako mwenyewe: tuchukulie kinywaji kimoja ndani ya sehemu ya michezo ni shilingi 2,000. Watu sita, vinywaji vitatu kila mmoja kwa siku, ni shilingi 36,000, na hakuna aliyeshiba. Kwa hiyo usipange chakula tu, panga njaa itakuja saa ngapi na itawakuta na nini mkononi.

Siku ya Kunduchi iamue kwenye kifungua kinywa. Mtoto aliyekunywa chai ya sukari na mkate mweupe atakuwa analia njaa kabla hajamaliza mtelezo wa pili, maana wanga mwepesi hupanda na kushuka haraka kwenye damu. Mpe uji wa ulezi au mtama wenye karanga zilizosagwa na maziwa, yai moja, na chapati au kiazi kitamu. Protini na mafuta huchelewa kutoka tumboni. Kula vizuri nyumbani, halafu ndiyo mwende. Waache watulie kidogo kabla ya kupanda mitelezo mirefu, kwa sababu tumbo lililojaa na kuzungushwa hurudisha chakula juu.

Kabla ya siku yenyewe piga simu uulize mambo matatu: je, mnaruhusu kuingia na chakula, je, maji na chakula cha mtoto mdogo vinaruhusiwa, na je, tukitoka getini tunaweza kurudi kwa kiingilio kile kile? Usikisie, maana kila sehemu ina utaratibu wake. Walt Disney World kule Florida, Marekani, inaruhusu mgeni kuingia na chakula chake alimradi hakuna pombe wala vyombo vya vioo, na migahawa yake ya huduma ya haraka humpa maji ya barafu bure anayeomba. Sehemu nyingi nyingine hukataa chakula cha nje kwa sababu mgahawa wa ndani ni sehemu ya mapato yao. Jibu utakalopewa ndilo litakaloamua deli linaingia nanyi au linabaki Tegeta.

Wakiruhusu, saa tano ni matunda: tango, chungwa, tikiti lililokatwa asubuhi hiyo na kuwekwa kwenye barafu. Saa nane ni chapati na kuku kutoka friji ya Tegeta. Wasiporuhusu, nunua mlo mmoja tu wa moto ndani, na uununue saa sita, kabla watoto hawajafikia hatua ya kuchagua kwa macho. Wakirudi kuogelea baada ya hapo watavumilia hadi jioni, na njaa ya saa kumi mnaikuta mkiwa mnaelekea nyumbani.

Usiagize sahani sita. Kwa mlo mmoja mimi ningehesabu hivi: wewe, mumeo na wa miaka 12 sahani nzima kila mmoja, kwa sababu huyo mkubwa anarefuka na anakula kama mtu mzima. Wa miaka 9 robo tatu, wa miaka 6 nusu, na mdogo robo. Jumla ni sahani nne na nusu. Agiza nne, omba sahani tupu mbili, na ongeza kitu kidogo ikionekana haitoshi. Chakula cha mtoto kilichobaki na kumwagwa ndicho ghali kuliko vyote.

Maji yasipunguzwe kwa kisingizio cha kubana matumizi. Mtoto aliye ndani ya bwawa halioni jasho lake, na mwili uliolowa hausikii kiu haraka, lakini jua la Pwani linamkausha vile vile. Mwite anywe kila baada ya nusu saa hivi, hata kama hajaomba. Nunueni dumu kubwa la maji mkifika Tegeta, kila mtu awe na chupa yake yenye jina, na mjaze kila mnapotoka. Mkojo wa rangi ya chai kavu ni ishara kwamba umechelewa. Soda ikae kama zawadi ya mlo wa mchana, si dawa ya kiu.

Kwa hao wawili wakubwa kuna njia ninayoipenda sana: wape fungu lao la vitamutamu asubuhi, mkononi, kiasi mlichokubaliana na baba yao, na waambie ni la siku nzima. Wakitaka aiskrimu saa nne, sawa, ni yao. Vilio vinapungua sana mtoto anapokuwa ndiye mwenye mfuko. Wa miaka 6 na 3 muwanunulie nyinyi, kimoja kila mmoja, na iwe wakati wa kuondoka ili msizunguke tena na kibanda.

Jioni hizo mbili nyingine zisikuumize kichwa. Kunduchi kuna wavuvi. Asubuhi mume wako akipita ufukweni anaweza kupata samaki wabichi, mkala na ugali na mchicha nyumbani kwa gharama ndogo kuliko mgahawa wowote. Mchana mkiwa matembezini, mama lishe anayepakua wali maharage kutoka sufuria inayofuka moshi ni salama kuliko chakula kizuri kilicholala kwenye kabati la kioo tangu asubuhi. Angalia mvuke, angalia maji ya kunawa, angalia kama wateja ni wengi na sufuria inaisha. Na kama treni yenu ya kurudi ni ya jioni, mihogo ya kukaanga ya Coco Beach ni starehe ya Dar isiyofilisi mtu. Ile inatoka kwenye mafuta ikiwa ya moto na mnaila hapo hapo.

Weka pakiti mbili za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kwenye mkoba, na usome kwenye pakiti inataka maji kiasi gani. Mtoto akiharisha anza nayo mara moja, endelea kumlisha, na mfikishe kituo cha afya akiwa analegea, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu au kukiwa na damu kwenye choo. Kuhusu samaki wa soko la Feri ambao najua mtashawishika kurudi nao Dodoma: wabichi wasisafiri bila barafu ya kutosha ndani ya deli. Kama deli limejaa nguo zilizolowa, nunueni waliokaangwa wakavu siku hiyo hiyo, na muwale usiku huo mkifika Ipagala.