Wiki ya 28 ya ujauzito: niliyoyapitia mimi na ya kuangalia wewe

Mdogo wangu, ulichoandika nimekisoma mara mbili. Mimba ya kwanza, wiki ya 28, ukipanda ngazi unatweta, miguu inajaa jioni, mtoto anakuamsha saa nane usiku kwa mateke, na mama mkwe anakusihi ule kidogo ili mtoto asiwe mkubwa ukashindwa kumsukuma. Unauliza kipi ni cha kawaida na kipi si cha kawaida. Nina watoto wawili, na wa kwanza nilimzaa njiti, kwa hiyo niruhusu niandike kwa kirefu.

Nianze na huyo anayekunyima usingizi. Sasa hivi ana kilo moja hivi, na ukifika wiki ya 32 atakuwa kwenye kilo 1.7. Anafumbua macho na kuyafumba, anasikia sauti yako na ya baba yake, na mlango ukibamizwa utamsikia ameshtuka. Kazi kubwa iliyobaki ni kujaza mafuta chini ya ngozi na kukomaza mapafu. Mapafu ndiyo yanayochelewa: ndani yake kuna utelezi unaozuia vile vifuko vidogo vya hewa visigandane mtoto akitoa pumzi, na utelezi huo bado unaongezeka wiki hadi wiki.

Kucheza usiku ni kawaida kabisa. Mchana unatembea, unambembeleza bila kujua, analala. Ukijinyoosha kitandani naye anaamka. Ila kuanzia sasa mjue mtoto wako: anacheza saa ngapi, anacheza vipi, ukishakula anafanyaje. Mimba ya jirani isikusumbue, kila mtoto ana mwendo wake, na kondo la nyuma likikaa upande wa mbele wa tumbo mateke husikika kwa mbali. Unachotafuta ni mabadiliko. Mimi nilifundishwa hivi: ukiona amepunguza, kula kitu, lala ubavu wa kushoto, acha simu, hesabu. Usipopata michezo kumi ndani ya saa mbili, nenda hospitali saa hiyohiyo. Mimba yangu ya pili, wiki ya 30, nilihesabu minne tu. Nilipanda bajaji saa nne usiku. Wakasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kwa muda mrefu, yakawa mazuri, na nesi akaniambia nikiona hivyo tena nirudi tena, hata kama ni kesho yake. Usiogope kuonekana msumbufu. Na yeyote atakayekwambia mtoto hutulia miezi ya mwisho kwa sababu nafasi imekwisha, usimsikilize. Namna ya kucheza inaweza kubadilika, kucheza kwenyewe hakupungui.

Upande wako sasa. Kutweta kunatokana na mji wa mimba kupanda na kuyabana mapafu kwa chini. Kiungulia nacho ni hivyohivyo. Kula kidogo kidogo mara nyingi, na usilale mara tu baada ya kula. Misuli ya mguu kukaza usiku, choo kigumu, mkojo kila saa, tumbo kukaza kwa muda kisha kuachia bila mpangilio, yote haya nimeyapitia mara mbili. Tumbo likianza kukaza kwa mpangilio, kila baada ya dakika kadhaa, na mgongo unavuta, hapo usingoje, ni mapema mno. Usingizini lala kwa ubavu, usilale chali. Uzito wa mimba unaibana mishipa mikubwa na damu inayoenda kwa mtoto inapungua. Ukiamka ukajikuta uko chali, geuka tu, usihangaike.

Miguu kujaa jioni na kupungua ukiamka asubuhi, haina neno. Mguu mmoja tu ukijaa, ukauma na kuwa wa moto, hospitali. Uso na mikono kujaa ni jambo lingine kabisa, na hapa ndipo nataka unisikilize sana.

Mimba ya kwanza, wiki ya 31, kichwa kiliniuma siku tatu. Nikasema ni jua la Dar, nikameza panadol nikaenda kazini. Pete ikakataa kuvuka kidole. Siku ya tatu nikaanza kuona vimulimuli machoni na maumivu ya juu ya tumbo, chini ya mbavu, nikadhani ni kiungulia. Na hudhurio langu la mwisho kliniki sikupimwa presha. Kipimo kilikuwa kibovu siku hiyo, nikaandikiwa vidonge na tarehe ya kurudi, nikaondoka nikiwa nimeridhika. Usiku ule dada yangu ndiye aliyenilazimisha kwenda hospitali. Presha ilikuwa 160/110 na mkojo ulikuwa na protini. Nilikuwa naelekea kwenye kifafa cha mimba na sikujua. Wakaniwekea dawa ya kuzuia degedege, wakanichoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, wakanilaza. Siku ya tisa presha ikagoma kushuka, ikabidi mtoto atolewe. Kilo 1.6. Wiki tatu nilimbeba kifuani ngozi kwa ngozi, nimefungwa naye kanga moja, usiku na mchana. Leo yuko darasa la tatu. Lakini wodini mle nilikaa na wenzangu ambao hawakuondoka na watoto wao, na sitawasahau.

Kwa hiyo ukienda kliniki usitoke bila namba ya presha kuandikwa kwenye kadi. Ikifika 140/90 lazima ifuatiliwe, hata kama unajisikia mzima. Kipimo kikiwa kibovu, nenda kituo kingine au duka la dawa wakupime siku hiyohiyo. Kichwa kisichosikia dawa, macho kuona giza au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu, uso kuvimba: yoyote kati ya hayo, toka nyumbani. Damu ukeni, hata isiyo na maumivu, na maji kuvuja, vilevile. Na aliyewahi kupata tatizo hili aseme mapema kliniki. Mimba ya pili daktari alinianzishia aspirini ya dozi ndogo tangu wiki ya 12 nikafika wiki ya 38 salama. Usijianzishie mwenyewe.

Mengine ya kudai kliniki: wingi wa damu upimwe tena, chini ya 11 ni upungufu. Mkojo upimwe. Kama kundi lako la damu ni hasi, waulize kuhusu sindano ya anti-D, ile ya wiki ya 28. Nesi atapima tumbo kwa futi. Sentimita hukaribiana na idadi ya wiki. SP, vile vidonge vya kuzuia malaria, mezea palepale mbele ya nesi, mradi imepita angalau wiki nne tangu ile ya mwisho. Anayetumia septrini hapewi SP. FEFO, vidonge vya kuongeza damu, itakupa choo cheusi, usishtuke. Usiimeze na chai, chai inazuia madini ya chuma. Imeze na chungwa au embe. Na kama unatafuna udongo, mdogo wangu, acha, unakuzidishia upungufu huohuo.

Wakikwambia mtoto ametanguliza matako, usilie. Wiki hii karibu mmoja kati ya wanne amekaa hivyo, na wengi hugeuka wenyewe kabla ya wiki ya 36. Usimruhusu mtu akukande tumbo amgeuze, hata awe bibi anayeheshimika mtaa mzima.

Kuhusu mama mkwe. Anakupenda, ameona wanawake wakiteseka leba, na ushauri huo aliupokea kwa waliomtangulia. Usibishane naye mezani. Mimi wa kwangu nilimwomba anisindikize kliniki, nikamuuliza nesi mbele yake kama nipunguze chakula. Nesi akamwambia kwa adabu, "Mama, huyu anatakiwa aongeze, mwenye damu kidogo ndiye tunayemhofia leba." Tangu siku ile yeye ndiye aliyekuwa ananipikia dagaa na matembele. Kula maharage, mayai ukipata, mboga za majani, matunda, na uongeze mlo mdogo katikati ya siku.

Na begi usingoje mwezi wa tisa. Langu lilikuwa halijafungwa, dada yangu alikuwa anakimbia usiku kutafuta pamba na kanga. Weka kanga safi nne au tano, glovu, pamba, mpira wa kulalia, kibanio cha kitovu, nguo na kofia ya mtoto, na pesa kidogo ambayo hakuna anayeigusa. Tafuta ndugu wawili wanaoweza kukutolea damu. Kadi ya kliniki ikae kwenye mkoba wako hata ukienda sokoni. Dereva bajaji wa mtaani kwenu mwambie leo, umpe namba ya mumeo, na umuulize kama saa nane usiku anapokea simu.