Kadi ya mlango yaweza kunakiliwa?

SUALI: Asalaam alaykum kaka, mie nafanya kazi hoteli huku Nungwi, stoo tunafungua kwa kadi ya kugusisha tu, mwenzangu kasema mtu anaweza kuinakili bila kuishika, kweli? Na chipu za kutiwa mwilini je?

JIBU: Waalaykum salaam dada. Kweli kabisa. Kadi nyingi za zamani, zile zinazotumia mawimbi ya redio ya kilohezi 125, humtajia namba yake yeyote anayeuliza, basi mtu akikusogelea na kifaa chake, sentimita chache tu, keshaipata na anaitia kwenye kadi tupu. Chipu ya mwilini vilevile, ile iitwayo VeriChip, ya kutiwa chini ya ngozi, iliruhusiwa Marekani 2004, na 2006 mhandisi Jonathan Westhues akainakili, tena hiyo kuibadilisha mpaka upasuliwe! Mwambieni bosi alete kadi zenye usimbaji, yaani zinazoficha habari zake kwa fumbo, na yako usiiningʼinize shingoni kwenye daladala.