Wasomaji Wauliza: Ndege ya Rimoti kwa Anayeanza

SWALI: Mhariri, assalamu alaykum. Kijana wangu wa miaka 13 amevutiwa mno na ndege ndogo za kuongozwa kwa rimoti, na mjomba wake yu tayari kumnunulia modeli ya Spitfire, ile ndege ya kivita ya Uingereza. Je, inamfaa mtu ambaye hajawahi kurusha? – Mzazi, Kisauni.

JIBU: Waalaykum salaam. Mjomba ashukuriwe, lakini modeli hiyo ingoje. Bawa la Spitfire limeshikana na sehemu ya chini ya kiwiliwili, na modeli za namna hiyo kwa kawaida huhitaji kasi ili zibaki hewani. Kijana akiipunguza mno wakati wa kutua, bawa la upande mmoja huweza kupoteza nguvu ya kuinua kabla ya lingine, ndege ikapinduka karibu na ardhi, mahali ambapo hakuna nafasi ya kuiokoa.

Mtafutieni ndege yenye bawa juu ya kiwiliwili, ncha zake zikiwa zimeinuka kidogo. Umbo hilo si pambo. Ndege ikiinama upande mmoja huanza kuteleza kuelekea huko, hewa ikalikuta bawa lililoshuka kwa pembe kubwa zaidi, nalo likainuka na kuirudisha ndege katika usawa. Hivyo kijana akibabaika, kuachia vijiti vya rimoti mara nyingi kutatosha, mradi ndege iko juu.

Iwe ya povu gumu la plastiki, kwa sababu likivunjika huungwa kwa gundi, ilhali ndege ya mbao za balsa hudai fundi mvumilivu. Rimoti ya chaneli 3, yaani mwendo wa mota, usukani wa mkiani na kibao cha kuinua au kushusha pua, inatosha kwa kuanzia. Chaneli ya 4 huongeza vibao vya nyuma ya mabawa, nayo nisingeikataa iwapo ndege ina kifaa cha kujisawazisha kinachoweza kuzimwa kijana akishazoea.

Ukubwa ndio jambo ambalo wauzaji hulipita upesi, na kwa Mombasa ndilo zito. Vile videge vya kutosha kiganjani, hata viwe rahisi namna gani, huchukuliwa na kusi kama karatasi. Ndege yenye upana wa bawa wa mita 1 hadi 1.4 hustahimili zaidi. Hata hiyo irushwe asubuhi mapema, kabla upepo wa baharini haujashika, na majira bora ya kujifunzia ni maleleji, kusi na kaskazi zinapopokezana. Ufukwe wa Nyali unavutia kwa uwazi wake, lakini mchanga na chumvi huiharibu mota. Uwanja wa nyasi usio na watu ni bora.

Betri za lithiamu polima zichajiwe kwa chaja yake maalumu, mtu mzima akiwapo, na iliyovimba isitumiwe tena.

Kabla ya kulipa, iulizeni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya kuhusu kibali na mahali panaporuhusiwa, kwa kuwa kanuni za mwaka 2020 zinasimamia vyombo visivyo na rubani, na Uwanja wa Ndege wa Moi hauko mbali na mitaa yetu. Fedha itakayobaki inunulieni rafadha za akiba, maana hizo ndizo huvunjika kwanza.